Njia Mbili za Kuifikia Hadubini: Mwombaji wa Chuo na Uamuzi kati ya Maabara na Patholojia

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

KILA mwaka, Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) linapotangaza matokeo ya kidato cha sita na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) inapofungua dirisha la udahili, vijana waliosoma Fizikia, Kemia na Baiolojia huketi na wazazi au walezi wao kuamua jambo litakalowafuata maisha yao yote. Miongoni mwao wapo waliokwisha kusikia kuhusu patholojia, fani ya tiba inayoeleza ugonjwa ni upi, umeanzia wapi na umefika wapi. Wapo pia wanaoomba shahada ya sayansi ya maabara za afya wakiamini kwamba hiyo ndiyo ngazi ya kwanza ya kuufikia udaktari bingwa wa patholojia.

Imani hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu yenyewe ni kwamba patholojia haiwezi kufanyika bila maabara, na kwamba mhitimu wa sayansi ya maabara anaweza kuitumikia patholojia tangu siku yake ya kwanza kazini hadi siku ya kustaafu. Nusu iliyobaki, ambayo mara nyingi haielezwi vya kutosha, ni kwamba daktari bingwa wa patholojia na mtaalamu wa maabara hupita katika njia mbili tofauti za masomo, husajiliwa na mabaraza mawili tofauti, na kila mmoja huwajibika kisheria kwa kazi yake. Kijana anayeligundua hilo akiwa mwaka wa tatu chuoni huwa amekwishatumia miaka, ada na pengine mkopo. Makala haya yanachambua njia hizo mbili na sababu zinazolifanya taifa kuzihitaji zote kwa pamoja.

Safari ya kinyama

Ili kuelewa nani hufanya nini, ni vyema kuifuata sampuli moja tangu inapotoka mwilini mwa mgonjwa hadi majibu yanapoandikwa. Tuchukue mfano wa mama aliyefika hospitali akiwa na uvimbe katika titi. Daktari akishampima na kumwona anahitaji uchunguzi zaidi, huchukua kipande kidogo cha tishu, kile ambacho wananchi wengi hukiita kinyama. Tangu dakika hiyo, saa huanza kuhesabu. Tishu iliyokatwa kutoka mwilini huanza kuharibika mara moja, hivyo inatakiwa iingizwe katika dawa ya fomalini ya asilimia 10 mapema iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa moja, katika chombo chenye fomalini ya kutosha kuizidi tishu yenyewe mara nyingi. Sampuli iliyowekwa katika maji ya chumvi, au iliyobanwa ndani ya chupa ndogo yenye dawa kidogo, inaweza kufika maabara ikiwa imekwishaoza ndani ingawa kwa nje inaonekana nzima.

Ikifika maabara, hupokelewa, hupewa namba na kulinganishwa na fomu ya mgonjwa. Huchunguzwa kwa macho, hupimwa ukubwa na kukatwa vipande vidogo. Baadaye hupitishwa katika alkoholi za viwango mbalimbali ili kuondoa maji, kisha katika kemikali ya zailini, na hatimaye katika nta iliyoyeyushwa kwa joto la karibu nyuzi 60 za Selsiasi. Nta ikiganda, tishu huwa imeshikwa ndani ya kibonge kigumu kinachoweza kukatwa. Hapo ndipo mtaalamu wa maabara huketi kwenye mashine ya mikrotomu na kukata utando wenye unene wa mikromita 3 hadi 5, ambao kwa kawaida haufikii hata sehemu ya kumi ya unene wa unywele. Utando huo huelezwa juu ya maji ya uvuguvugu, huokotwa kwa kioo cha slaidi, kisha hupakwa rangi mbili: hematoksilini inayovifanya viini vya seli kuwa vya buluu, na eosini inayoifanya sehemu iliyobaki kuwa ya waridi.

Ni baada ya hatua hizo zote ndipo slaidi hufika mezani kwa daktari bingwa wa patholojia. Yeye huisoma chini ya hadubini, huilinganisha na historia ya mgonjwa, na kuandika ripoti inayosema kama uvimbe ni saratani au si saratani, ni wa aina gani, una ukali kiasi gani, na kama ni saratani ya titi, kama seli zake zina vipokezi vya homoni. Ripoti hiyo ndiyo inayomwongoza daktari wa saratani kuchagua upasuaji, dawa, mionzi au mchanganyiko wa tiba hizo.

Kwa hiyo, hatua nyingi za safari hiyo zimo mikononi mwa mtaalamu wa maabara, na uamuzi wa mwisho umo mikononi mwa daktari. Hakuna kati yao anayeweza kuficha udhaifu wa mwenzake. Daktari mahiri akipewa slaidi iliyokunjamana au iliyopakwa rangi vibaya, hukisia au huomba sampuli nyingine. Tishu ambayo haikuhifadhiwa vizuri katika fomalini inaweza kutoa jibu la uongo kwamba saratani ya titi haina vipokezi vya homoni, na mgonjwa akanyimwa dawa ambayo ingemsaidia. Vivyo hivyo, slaidi safi isiyo na daktari wa kuisoma hubaki kioo chenye rangi mbili.

Njia ya kwanza: Sayansi ya maabara za afya

Neno patholojia lina maana pana na maana finyu. Kwa maana pana, linajumuisha matawi yote ya uchunguzi wa maabara: hematolojia inayoshughulikia damu, mikrobiolojia inayotafuta vimelea, kemia ya tiba inayopima sukari, figo na ini, uchunguzi wa damu ya kuongezewa wagonjwa, pamoja na uchunguzi wa tishu na seli. Kwa maana hiyo pana, kila anayesomea sayansi ya maabara anasomea sehemu ya patholojia. Kwa maana finyu, ambayo ndiyo hutumika zaidi hospitalini, patholojia ni ule usomaji wa tishu na seli unaofanywa na daktari bingwa. Mkanganyiko wa waombaji wengi huzaliwa kati ya maana hizo mbili.

Mwanafunzi anaweza kuingia katika sayansi ya maabara kupitia milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa vyuo vya kati vinavyosimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET), ambapo mhitimu wa kidato cha nne mwenye ufaulu wa masomo ya sayansi husoma hadi kupata stashahada kwa miaka mitatu. Mlango wa pili ni wa vyuo vikuu, ambapo mhitimu wa kidato cha sita hujiunga moja kwa moja na shahada. Miongoni mwa vyuo vinavyofundisha fani hiyo ni Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS) jijini Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha KCMC mjini Moshi na Chuo Kikuu cha Katoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi, Bugando, jijini Mwanza. Mwenye stashahada naye anaweza kuendelea hadi shahada endapo ufaulu wake unafikia kiwango kilichowekwa katika mwongozo wa udahili.

Baada ya masomo, mhitimu haruhusiwi kugusa sampuli ya mgonjwa kwa cheti cha chuo peke yake. Sheria ya Wataalamu wa Maabara za Afya ya mwaka 2007 iliunda baraza la taaluma hiyo, na ni baraza hilo linalomsajili mtaalamu na kumpa leseni. Maabara binafsi nazo zina sheria na bodi yake inayozisajili na kuzikagua, kutokana na sheria iliyotungwa mwaka 1997. Lengo la utaratibu wote huo ni kumlinda mwananchi ambaye hana namna ya kujua, kwa kuitazama karatasi ya majibu, kama kipimo kilifanywa na mtu mwenye ujuzi.

Kutoka hapo, njia ya maabara hupanda kwenda juu kwa ngazi zake yenyewe. Mhitimu anaweza kusoma uzamili na uzamivu katika hematolojia, mikrobiolojia, kinga ya mwili au biolojia ya molekuli. Anaweza kufanya kazi katika hospitali, katika Mpango wa Taifa wa Damu Salama, katika Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), au katika Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambako uchunguzi wa vinasaba na sumu huwa ushahidi mahakamani. Anaweza kuwa mhadhiri, mkuu wa maabara au msimamizi wa ubora. Jambo ambalo ngazi hizo hazimpi, hata akipata uzamivu, ni leseni ya udaktari.

Njia ya pili: Udaktari, kisha ubingwa

Anayetaka kusoma slaidi na kutia saini ripoti ya uchunguzi wa saratani kama daktari bingwa hupita njia nyingine. Huanza na Shahada ya Udaktari wa Binadamu, inayochukua miaka mitano. Hufuata mafunzo tarajali ya mwaka mmoja hospitalini chini ya uangalizi, kisha usajili kamili katika Baraza la Madaktari Tanganyika kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2017 inayosimamia taaluma hiyo. Baada ya hapo ndipo hurudi darasani kusomea uzamili wa tiba katika patholojia, kwa muda usiopungua miaka mitatu. Kijana aliyejiunga na udaktari akiwa na miaka 20, asipopoteza hata mwaka mmoja, hukaribia umri wa miaka 30 ndipo aitwe daktari bingwa.

Safari hiyo ni ndefu kwa sababu ya kazi yenyewe. Daktari wa patholojia hasomi seli zilizojitenga na mtu. Anapaswa kujua jinsi ugonjwa unavyoonekana wodini, unavyotibiwa na unavyoua, ili aweze kujibu swali la daktari mwenzake kwa lugha ya tiba. Ndiye pia anayefanya uchunguzi wa maiti pale chanzo cha kifo kinapotakiwa kujulikana, na mara nyingine husimama mahakamani kueleza alichokiona.

Mhitimu wa sayansi ya maabara anayeamua baadaye kuwa daktari hazuiliwi na ndoto yake, lakini hulazimika kuomba upya udahili wa shahada ya udaktari kwa sifa zilizowekwa na kuianza mwanzo. Wapo wanaofanya hivyo na hufaidika na uzoefu wao wa maabara. Hata hivyo, ni busara uamuzi huo ufanyike kwa hiari na kwa kujua, kuliko kuwa marekebisho ya kosa la kujaza fomu. Wahenga walisema, kuuliza si ujinga. Na swali la dakika tano kwa mshauri wa masomo linaweza kuokoa miaka mitano.

Somo kutoka Kampala

Historia ya Afrika Mashariki inao mfano unaoonyesha jinsi njia hizo mbili zinavyokutana. Mwaka 1958, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwashambulia watoto wa ukanda huu. Wengine walikuwa na uvimbe usoni, wengine tumboni, na kwa macho ya kawaida yalionekana kuwa magonjwa tofauti. Ni wataalamu wa patholojia wa Kampala, waliozilinganisha slaidi za watoto hao, walioonyesha kwamba seli zilikuwa za aina moja na kwamba ugonjwa ulikuwa saratani ya mfumo wa limfu.

Baadaye sampuli zilisafirishwa kwa ndege hadi London, kwa timu ya Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong. Sampuli moja ilicheleweshwa na ukungu uliofunga uwanja wa ndege, na ilipofika maji yake yalikuwa yamechafuka kama yaliyoharibiwa na bakteria. Badala ya kumwagwa, yaliangaliwa chini ya hadubini, na uchafu ule ukaonekana kuwa ni seli hai za saratani zilizokuwa zikielea. Kutokana na seli zilizooteshwa maabara, mwaka 1964 timu hiyo ilitangaza kuona kirusi ambacho leo hujulikana kwa majina ya Epstein na Barr, kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Daktari wa upasuaji aliona, wataalamu wa patholojia walitambua, na maabara ikathibitisha. Saratani hiyo, inayojulikana hadi leo kwa jina la Burkitt, huitikia vizuri dawa inapogunduliwa mapema. Mtoto wa leo anayepata tiba hiyo anavuna matunda ya watu ambao kila mmoja alifanya sehemu yake kwa ukamilifu.

Kwa nini taifa linahusika

Suala hili si la familia moja na fomu yake ya udahili tu. Makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani kwa mwaka 2020 yalionyesha kuwa Tanzania ilikuwa na wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 40,000 kwa mwaka na vifo zaidi ya 26,000. Saratani ya shingo ya kizazi inaongoza, na ndiyo sababu Serikali ilianza mwaka 2018 kutoa chanjo dhidi ya kirusi cha HPV kwa wasichana, na mwaka 2024 ikahamia kwenye dozi moja. Chanjo inamlinda msichana wa leo. Mama yake, ambaye hakuwahi kuipata, anategemea uchunguzi, na uchunguzi unaogundua tatizo huishia kwenye kinyama, na kinyama huishia kwenye hadubini.

Huduma ya uchunguzi wa tishu bado imejikita zaidi katika hospitali ya taifa na hospitali za kanda, wakati vipimo vya malaria, damu, kifua kikuu na Virusi vya UKIMWI vimekwishafika mbali zaidi katika ngazi za chini. Mgonjwa wa wilaya ya pembezoni anaweza kupimwa malaria katika zahanati ya kijiji chake na kupata jibu kabla ya adhuhuri, lakini kinyama chake husafiri kwenda mji mwingine. Kila siku ya kusubiri ni siku ambayo uvimbe unaendelea kukua na familia inaendelea kutumia fedha bila kujua inatibu nini. Mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini yupo pia asiyeficha, aliyefika hospitali mapema, ambaye ugonjwa wake unabaki umefichika kwa sababu slaidi haijasomwa.

Upande wa magonjwa ya mlipuko, nchi imekwishaonja thamani ya maabara zake. Machi 2023, Maabara ya Taifa ya Afya ya Jamii ilithibitisha kirusi cha Marburg katika Mkoa wa Kagera. Mlipuko huo, uliotangazwa kumalizika tarehe 2 Juni mwaka huohuo, uliishia kwa wagonjwa tisa, akiwemo mmoja wa kudhaniwa, na vifo sita. Januari 2025, ugonjwa huo ulipojitokeza tena mkoani humo, katika Wilaya ya Biharamulo, kipimo cha awali kilifanywa na maabara tembezi ya Kabaile mkoani Kagera na kuthibitishwa Dar es Salaam. Mlipuko wa pili ulitangazwa kumalizika tarehe 13 Machi 2025. Waliofanya vipimo hivyo ni wahitimu wa fani ambayo baadhi ya vijana huiona kuwa chaguo la pili baada ya kukosa udaktari. Mafanikio ya Kagera yanatosha kuifuta dhana hiyo.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 nayo inaongeza uzito wa jambo hili. Mwananchi aliyekuwa akiahirisha kipimo kwa kukosa fedha atakuwa na sababu ya kukiomba, na mahitaji ya vipimo yataongezeka. Bima inaweza kulipia kipimo; haiwezi kukifanya. Lazima awepo mtu wa kukifanya na mtu wa kukitafsiri.

Ubora wa jibu, si wingi wa majengo

Mwaka 2008, nchi za Afrika na wadau wao walikutana Maputo, Msumbiji, na kutoa azimio la kuimarisha mifumo ya maabara. Mwaka uliofuata, mjini Kigali, Shirika la Afya Duniani Kanda ya Afrika lilizindua mpango wa kuzipima maabara hatua kwa hatua, kwa nyota sifuri hadi tano, zikielekea ithibati ya kiwango cha kimataifa cha ISO 15189. Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizoufuata mwelekeo huo. Kiini chake ni kwamba jengo jipya na mashine mpya havitoshi. Kila hatua lazima iandikwe, ikaguliwe na irudiwe kwa namna ileile, awe zamu mtaalamu huyu au yule.

Hapa ndipo uchambuzi unapotufikisha kwenye hoja kuu. Katika patholojia, kasi ya mfumo mzima huamuliwa na kiungo kilicho dhaifu zaidi. Tukiongeza madaktari bingwa bila kuongeza wataalamu wa kuandaa tishu, mabingwa watakaa mbele ya hadubini wakisubiri slaidi. Tukiongeza wataalamu wa maabara bila mabingwa, slaidi zitarundikana makabatini. Mipango ya Serikali ya kufadhili masomo ya ubingwa na ubingwa bobezi kwa madaktari ni hatua ya kupongezwa, na matunda yake yatakuwa makubwa zaidi iwapo kila bingwa wa patholojia anayepelekwa mkoani atakuta timu ya maabara iliyofunzwa mahsusi kuandaa tishu, yenye fomalini, nta na visu vya mikrotomu visivyokatika ugavi.

Upo pia uzoefu wa nje unaofaa kutazamwa kwa makini. Uingereza, iliyokabiliwa na upungufu wa madaktari wa patholojia, imeweka utaratibu ambao wanasayansi wa maabara wenye uzoefu mkubwa hufunzwa kwa miaka kadhaa, hufanya mitihani migumu na kisha huruhusiwa kusoma na kuripoti aina fulani za slaidi, wakishirikiana na madaktari. Haina maana kwamba utaratibu huo unafaa kuhamishiwa hapa kama ulivyo. Mazingira, sheria na idadi ya wataalamu vinatofautiana, na usalama wa mgonjwa hutangulia. Lakini ni swali ambalo mabaraza ya taaluma, vyuo na Wizara ya Afya wanaweza kulijadili: ni kazi zipi, kwa mafunzo na usimamizi wa kutosha, mtaalamu wa maabara mwenye uzoefu anaweza kukabidhiwa ili muda wa daktari bingwa ubaki kwa slaidi ngumu?

Ushauri kwa mwombaji

Kwa kijana aliye mbele ya fomu, yapo mambo matano ya kuzingatia.

Mosi, ajiulize anataka kazi ipi, wala si jina lipi. Anayependa mashine, kemia, vipimo sahihi na kazi ya mikono inayodai utulivu atapata furaha katika sayansi ya maabara. Anayependa kuunganisha dalili za mgonjwa na picha ya ugonjwa, na yuko tayari kusoma kwa muda usiopungua miaka tisa, aelekee udaktari. Akipata nafasi, atembelee maabara ya hospitali ya mkoa wake kabla ya kuamua.

Pili, asome mwongozo wa udahili wa mwaka husika mwenyewe. Mchepuo wa Fizikia, Kemia na Baiolojia hufungua milango yote miwili, lakini viwango vya ufaulu na ushindani hutofautiana kwa kila chuo na kila mwaka. Taarifa ya jirani aliyedahiliwa miaka mitano iliyopita inaweza kuwa imepitwa na wakati.

Tatu, ahakikishe kwamba chuo na programu vimesajiliwa, na NACTVET kwa vyuo vya kati au TCU kwa vyuo vikuu, na kwamba mhitimu wake hutambuliwa na baraza la taaluma husika. Cheti kisichotambuliwa na baraza hakimpi mhitimu leseni, hata kama ada ililipwa yote.

Nne, apange gharama mapema. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) hutoa mikopo kwa wenye sifa, na kuanzia mwaka wa masomo 2023/2024 ilianza kuwafikia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, zikiwemo za afya. Wanaofaulu kwa viwango vya juu katika masomo ya sayansi wanaweza kuangalia pia Samia Skolashipu.

Tano, ajue kwamba ajira ya umma hupatikana kwa ushindani kupitia mifumo ya Serikali, na kwamba si kila mhitimu huajiriwa mwaka anaomaliza. Anayejiongezea ujuzi adimu, kama vile uandaaji wa tishu, biolojia ya molekuli au usimamizi wa ubora, hujiwekea nafasi nzuri zaidi, ndani ya sekta ya umma na nje yake.

Wazazi na walezi nao wana wajibu. Kumsukuma mtoto katika udaktari kwa sababu ya heshima ya jina, au kumkatisha tamaa ya maabara kwa kudhani ni kazi ya kupima mkojo tu, ni kulinyima taifa mtu ambaye angefanya kazi yake kwa moyo. Shule za sekondari, kupitia walimu wa ushauri, zinaweza kuwaalika wataalamu wa fani zote mbili waeleze kazi zao kwa wanafunzi wa kidato cha tano, kabla ya presha ya dirisha la udahili.

Hitimisho

Turudi kwa yule mama mwenye uvimbe katika titi. Siku atakapoitwa kupokea majibu, hatajua jina la aliyekikata kinyama chake katika utando mwembamba kuliko unywele, na huenda hatamwona daktari aliyeisoma slaidi yake. Atakachokijua ni kama majibu yamekuja kwa wakati, na kama ni ya kweli. Kati ya vijana wanaojaza fomu za udahili mwaka huu wamo watakaoketi kwenye mikrotomu na wamo watakaoketi kwenye hadubini. Kila mmoja akiingia katika njia yake akiwa anaijua, na nchi ikiwaandalia wote wawili vitendea kazi, mama huyo hatasubiri muda mrefu.